Namna ya Kutumia Vipimo vya Kingamwili katika Kutambua Lupasi na Magonjwa Mengine ya Yabisi

Katika magonjwa ya yabisi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, hakuna kipimo cha damu ambacho peke yake kinaweza kuthibitisha kwamba mtu ni mgonjwa au kumtangaza kuwa mzima. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza kushambulia kitu fulani, huongeza au hupunguza nguvu ya shaka ambayo daktari tayari anayo baada ya kumsikiliza mgonjwa na kumpima kwa mikono yake. Pasipo shaka hiyo, majibu ya maabara hayana mahali pa kusimama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari na tabibu wanaojaza fomu ya maabara, na pia kwa mgonjwa ambaye amekwisha kukabidhiwa karatasi yenye neno «chanya» na hajaelezwa lina maana gani kwake.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini tahadhari hii ni ya lazima. Kipimo kinachoombwa zaidi ni ANA, yaani kipimo cha kingamwili zinazoshambulia vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Utafiti wa maabara kadhaa uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye afya njema, takribani asilimia 32 walikuwa na ANA chanya seramu yao (maji yanayobaki damu ikishaganda) ilipozimuliwa, yaani ilipopunguzwa nguvu, kwa 1:40, asilimia 13 kwa 1:80, asilimia 5 kwa 1:160, na asilimia 3 kwa 1:320. Sasa chukulia watu 1,000 waliofika kliniki wakilalamikia uchovu na maumivu ya mgongo tu, na tuseme mmoja wao ana lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo, ngozi, figo na sehemu nyingine za mwili. Ukiwapima wote kwa 1:80, utampata huyo mmoja pamoja na wengine wapatao 130 ambao hawana ugonjwa huo. Chukulia tena kundi lingine la watu 1,000 wenye viungo vilivyovimba, upele wa mashavuni na protini kwenye mkojo, ambapo nusu yao wana lupasi kweli. Hapo kipimo kilekile kitawanasa takribani 490 kati ya wagonjwa 500 na kuwashika kimakosa wapatao 65 tu, hivyo karibu watu tisa kati ya kila kumi wenye jibu chanya watakuwa wagonjwa kweli. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Waliopimwa ndio waliotofautiana.

Katika nchi zetu hesabu hiyo huwa ngumu zaidi, kwa sababu maambukizi ya muda mrefu huuchochea mwili kutengeneza kingamwili za kila aina. Malaria, kifua kikuu, VVU, homa ya ini aina ya B na C, na maambukizi ya vali za moyo, yote yanaweza kuleta ANA chanya au kipimo cha RF (kingamwili inayotafutwa katika yabisi ya rumatoidi) chanya kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa yabisi. Hata hivyo, jambo hili lisichukuliwe kuwa sababu ya kupuuza vipimo. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba lupasi ni nadra mno barani Afrika, ilhali watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani na Uingereza huugua lupasi mara nyingi zaidi kuliko majirani zao wa asili ya Ulaya, tena kwa ukali zaidi hasa kwenye figo. Ninaamini kwamba wanawake wengi wamezikwa kwa jina la «figo kushindwa kufanya kazi» pasipo mtu yeyote kuuliza kwa nini figo za mwanamke wa miaka 25 zilikufa.

Mwili kwanza, damu baadaye

Kabla ya kuandika jina la kipimo chochote, muulize mgonjwa na umchunguze. Je, viungo vinauma tu, au vimevimba, na je, ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa? Je, kuna upele unaozidi akikaa juani? Katika ngozi nyeusi upele huo mara nyingi hauonekani mwekundu kama picha za vitabu zinavyoonyesha, bali huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na ukipona unaweza kuacha makovu yaliyopauka. Angalia kaakaa la mdomo kutafuta vidonda visivyouma, na uulize kuhusu nywele kunyonyoka. Uliza kama vidole hubadilika rangi vikipata baridi, jambo liitwalo dalili ya Raynaud. Uliza kuhusu macho na kinywa kukauka, kikohozi kikavu kisichoisha, mimba zilizoharibika, mguu uliowahi kuvimba kwa sababu ya damu kuganda, na udhaifu wa misuli unaomfanya ashindwe kuinuka kwenye kigoda au kuinua mikono muda wa kutosha kusuka nywele.

Uliza pia dawa zote anazotumia. Isoniazidi ya kutibu kifua kikuu, haidralazini ya shinikizo la damu na prokainamaidi ya moyo zinaweza kuleta ANA chanya, na kwa baadhi ya watu huleta lupasi kamili ambayo hutulia dawa ikisimamishwa. Kwa wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi hupatikana kingamwili dhidi ya histoni (protini zinazozungukwa na DNA ndani ya kiini), lakini historia ya dawa ina uzito kuliko kipimo hicho, kwa sababu kingamwili hizo hupatikana pia katika lupasi ya kawaida. Isoniazidi isiachwe kwa sababu ya ANA chanya peke yake. Mgonjwa akiwa na dalili, uamuzi huo ufanywe pamoja na wanaosimamia tiba yake ya kifua kikuu.

Kisha yafanyike yale ya bei nafuu yanayopatikana hata katika kituo cha afya: picha kamili ya damu, ESR (inayoonyesha kama kuna uvimbe mwilini), kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo) na kipimo cha mkojo kwa kijiti. Kijiti cha mkojo ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote vilivyotajwa katika mwongozo huu, kwa kuwa lupasi inaweza kuharibu figo bila maumivu yoyote. Protini na damu kwenye mkojo wa msichana mwenye viungo vinavyovimba vina habari kubwa zaidi kuliko orodha ndefu ya kingamwili.

Kuchagua kipimo kinachojibu swali

Ukishapata shaka mahususi, chagua kipimo kinacholingana nayo. Mgonjwa ambaye viungo vidogo vya mikono yake vimevimba kwa zaidi ya wiki sita pasipo upele wala tatizo la figo anahitaji RF na anti-CCP, kingamwili nyingine ya yabisi ya rumatoidi. Kumwongezea ANA kwa desturi tu ni kuongeza gharama na mkanganyiko. RF hupatikana kwa takribani asilimia 70 ya wagonjwa wa yabisi ya rumatoidi, lakini hupatikana pia kwa wazee wenye afya, kwa wenye ugonjwa wa Sjögren (unaokausha macho na kinywa) na kwa wenye maambukizi niliyoyataja. Anti-CCP huonekana kwa theluthi mbili hivi za wagonjwa, na umahususi wake unafikia takribani asilimia 95 (yaani wasio na ugonjwa takribani 95 kati ya 100 hupata jibu hasi), kwa hiyo inapokuwa chanya hubeba uzito mkubwa zaidi, ingawa kifua kikuu kinachoendelea kinaweza kuileta nayo. Kiwango kina maana: katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010, jibu linalozidi mara tatu ya kikomo cha kawaida hupewa alama 3, na lililovuka kikomo kidogo tu hupewa alama 2, kati ya alama 6 zinazohitajika. Kumbuka vilevile kwamba karibu robo ya wagonjwa wa rumatoidi hawana RF wala anti-CCP. Viungo vilivyovimba vikiwa mbele ya macho yako, jibu hasi lisikufanye umrudishe mgonjwa nyumbani na dawa za maumivu peke yake.

Ikiwa shaka yako ni lupasi, skleroderma (ugonjwa wa ngozi kukakamaa), ugonjwa wa Sjögren au ugonjwa wa uvimbe wa misuli, anza na ANA peke yake. Chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilishauri mwaka 2013 kwamba vipimo vidogo vinavyofuata, kama vile anti-dsDNA (kingamwili dhidi ya DNA) na kundi la ENA (kingamwili dhidi ya protini nyingine za seli, kama Sm, RNP, Ro na La), visiombwe mpaka ANA iwe chanya na dalili ziwepo. Ushauri huo una hekima maradufu mahali ambapo mgonjwa hulipa kutoka mfukoni na sampuli husafirishwa kwenda mji mwingine au nchi nyingine. Vighairi vyake ni vichache, hasa anti-Jo-1 na wakati mwingine anti-Ro, ambazo zinaweza kuwepo hata ANA ikiwa hasi: Jo-1 iko ndani ya saitoplazimu, nje ya kiini, na Ro inaweza kupotea wakati seli zinapoandaliwa kwenye kioo.

Kusoma jibu la ANA

Njia ya msingi ya kupima ANA ni kutumia seli za HEp-2, ambazo ni seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizobandikwa kwenye kioo cha hadubini. Seramu ya mgonjwa huzimuliwa na kumwagwa juu yake, kingamwili kama zipo hujishikiza kwenye seli, kioo huoshwa, kisha huongezwa kingamwili nyingine yenye rangi inayong'aa, na mtaalamu wa maabara huangalia ni sehemu gani ya seli inayotoa mwanga. Seramu huzimuliwa zaidi na zaidi mpaka mwanga utoweke. Uzimuaji wa mwisho unaong'aa ndio kiwango kinachoandikwa, kama 1:80, 1:320 au 1:1280. Kwa hiyo namba ya pili inapokuwa kubwa, kingamwili ni nyingi zaidi.

Jibu kamili linapaswa kuwa na mambo matatu: njia iliyotumika, kiwango cha uzimuaji, na umbo la mng'ao. Ukipokea karatasi yenye neno «chanya» tu, piga simu maabara uulize. Maabara nyingine hutumia mashine zinazotafuta aina chache tu za kingamwili, na jibu hasi la mashine hizo halina nguvu sawa na jibu hasi la hadubini. Nguvu hiyo ni kubwa: katika vigezo vya lupasi vilivyotolewa mwaka 2019 na vyama vya Ulaya na Marekani, mtu ambaye hajawahi kuwa na ANA ya angalau 1:80 haingizwi kabisa katika hesabu ya alama.

Kuhusu umbo, mng'ao ulioenea sawasawa katika kiini chote huelekeza kwenye anti-dsDNA au histoni. Madoadoa huelekeza kwenye Sm, RNP, Ro au La. Nukta zilizohesabika za sentromea (sehemu ya katikati ya kromosomu) huelekeza kwenye skleroderma ya aina isiyoenea sana. Umbo moja linastahili kutajwa kwa sababu huokoa watu wengi wasiwasi: madoadoa laini yaliyosongamana, yanayohusishwa na kingamwili ya DFS70. Likipatikana peke yake kwa mtu asiye na dalili, mara nyingi si alama ya ugonjwa wa yabisi.

ANA ikishapatikana kuwa chanya, haina haja ya kurudiwa kila miezi mitatu. Haipandi wala kushuka pamoja na ukali wa ugonjwa, na fedha inayotumika kuirudia ingefaa kununulia haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi.

Kingamwili zinazofuata

Anti-dsDNA na anti-Sm ni mahususi kwa lupasi, na katika vigezo vya mwaka 2019 yoyote kati ya hizo mbili huleta alama 6 kati ya 10 zinazohitajika. Anti-Sm huonekana zaidi kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika. Tofauti na ANA, anti-dsDNA hupanda na kushuka kwa wagonjwa wengi kulingana na ugonjwa wenyewe, hasa ugonjwa wa figo, kwa hiyo inafaa kurudiwa pamoja na protini za komplimenti, C3 na C4, ambazo hushuka lupasi inapochachamaa. Hata hivyo tunamtibu mgonjwa: dsDNA iliyopanda kwa mtu ambaye mkojo wake ni safi na mwenye nafuu hudai afuatiliwe kwa karibu zaidi, haidai aongezewe prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, siku hiyohiyo.

Anti-Ro ina umuhimu wa pekee kwa mwanamke anayetarajia kuzaa. Kingamwili hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na katika mimba takribani 2 kati ya 100 huharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na ya 24. Mama ambaye amewahi kupata mtoto wa namna hiyo ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 6 katika mimba inayofuata, na haidroksiklorokwini hupunguza uwezekano huo kwa takribani nusu. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yakiwa 60 kwa dakika, mama apimwe anti-Ro hata kama hana dalili yoyote, kwa sababu wengi wao hujijua kupitia mtoto.

Kliniki ya wajawazito ni mahali pengine ambapo kingamwili hujitokeza bila kutafutwa. Kila mjamzito hupimwa kaswende, na pale kinapotumika kipimo cha RPR au VDRL, huwa kinatumia mafuta ya kadiolipini, ambayo pia hushikwa na kingamwili za antifosfolipidi, zinazoweza kuleta damu kuganda na mimba kuharibika. Ukimpata mwanamke mwenye RPR chanya na TPHA (kipimo cha kuthibitisha kaswende) hasi, hasa akiwa amepoteza mimba kadhaa au amewahi kuganda damu mguuni, usimalize shauri kwa kumwambia kwamba ilikuwa chanya ya uongo. Omba kingamwili dhidi ya kadiolipini na dhidi ya beta-2 glaikoprotini ya kwanza, na kizuia-mgando cha lupasi. Jina la mwisho linapotosha, kwani katika chupa ya maabara huchelewesha mgando lakini katika mwili wa mtu huuleta. Kipimo hicho hakitegemeki mgonjwa akiwa anatumia warfarini au heparini, na chochote kati ya vitatu hivyo kikiwa chanya lazima kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi huvipandisha kwa muda mfupi kisha hushuka. Katika subira hiyo mgonjwa mwenye damu iliyoganda aendelee kutibiwa.

Kwa upande wa skleroderma, kingamwili ya Scl-70 huendana na ngozi kukakamaa sehemu kubwa ya mwili na makovu ya mapafu, nayo kingamwili ya sentromea huendana na shinikizo la mishipa ya mapafu linalojitokeza baada ya miaka. Kingamwili dhidi ya RNA polimerasi III huonya juu ya figo kushambuliwa ghafla, na mgonjwa wa aina hiyo asipewe prednisoloni ya kipimo kikubwa, ambayo inaweza kuharakisha shambulio. Katika ugonjwa wa misuli, kingamwili ya Jo-1 hukutaka uyachunguze mapafu, ile ya MDA5 huweza kuendana na mapafu kuharibika kwa kasi hata misuli ikiwa na nguvu, na ile ya TIF1-gama kwa mtu mzima hukutaka utafute saratani.

Kuhusu ANCA, kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za damu, nina neno moja zito. Ugonjwa wa mishipa midogo ya damu unaweza kuleta mashimo kwenye mapafu, damu kwenye makohozi, homa na kukonda, yaani picha ileile ya kifua kikuu. Nacho kifua kikuu kinaweza kuleta ANCA chanya. Omba ANCA pale ambapo kuna pia pua inayotoa magamba ya damu, mkojo wenye damu na protini, au mishipa ya fahamu iliyokufa ghafla mguuni, na uombe aina mahususi, yaani kingamwili dhidi ya protini za PR3 na MPO, ambazo makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2017 yaliziweka mbele ya kipimo cha hadubini. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, kabla ya kuanza dawa zinazoshusha kinga, na inapowezekana kipande cha figo au cha pua kichukuliwe kwa uchunguzi.

Sampuli, fomu na mazungumzo na mgonjwa

Kingamwili karibu zote hupimwa kwenye seramu, hivyo damu huwekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia mgando, ikaachwa igande, kisha ikazungushwa kwenye mashine. Seramu iliyotenganishwa hukaa vizuri kwenye jokofu kwa siku chache. Ikitakiwa kusafiri mbali igandishwe, na isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Kizuia-mgando cha lupasi ni tofauti: kinahitaji chupa ya sitrati, ambayo huzuia mgando, na plazima (maji ya damu isiyoganda) iliyozungushwa mara mbili ili chembe sahani zote zitoke. Kwenye fomu usiandike «vipimo vya kingamwili» na kuishia hapo. Andika dalili, muda wake, dawa na swali lako, kwa mfano: «Miaka 23, mikono imevimba wiki nane, upele wa mashavuni, protini ++ kwenye mkojo, je, ni lupasi?» Mtaalamu wa maabara anayejua swali huangalia kioo kwa jicho lingine.

Mgonjwa aelezwe kabla ya kutoa damu kwamba jibu linaweza kuwa chanya naye akawa hana ugonjwa. Aliyepata ANA ya 1:160, mkojo safi, picha ya damu ya kawaida na hana dalili, ahakikishiwe hali yake, aelezwe dalili zinazopaswa kumrudisha, na asipewe jina la ugonjwa. Ni kweli kwamba kingamwili zinaweza kutangulia ugonjwa: uchunguzi wa seramu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, uliwakuta wagonjwa 115 kati ya 130 wa lupasi wakiwa na angalau kingamwili moja kabla ya kugunduliwa, baadhi yao miaka tisa nyuma. Lakini huko kulikuwa kuwatazama nyuma watu waliokwisha kuugua. Wengi wenye ANA chanya hawafiki huko kamwe. Majibu yahifadhiwe naye, yakiwa na jina la maabara na tarehe, ili asilipishwe tena mahali pengine kwa jambo lililokwisha kujulikana.

Yapo mazingira ambayo majibu ya kingamwili hayasubiriwi. Mgonjwa mwenye protini na damu kwenye mkojo huku kreatinini ikipanda, anayekohoa damu na kuishiwa pumzi, aliyepata degedege au kuchanganyikiwa pasipo malaria wala homa ya uti wa mgongo kueleza hali yake, au ambaye misuli ya kumeza imelegea, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa za kushusha kinga ikiwezekana, na namba ya simu ya daktari anayempeleka iandikwe kwenye fomu, ili majibu yamfuate mgonjwa kule alikolazwa.